Siku Sitini Zinaanza Lini?

Mimi si tabibu. Nina shahada ya uzamivu, na kwa sababu hiyo watu wa nyumbani Kasulu huniita daktari, jina ambalo limewahi kuniletea mtoto mwenye homa mlangoni saa nane za usiku. Mwezi Juni 2024, hata hivyo, daktari huyu asiyejua kushika sindano alihitajika kwa kazi aliyoiweza: kusoma mkataba.

Mama yangu mdogo ni mkunga mstaafu. Alitumikia vituo vya serikali kwa zaidi ya miaka 30, mingi kati ya hiyo Kibondo, na alipostaafu alitumia kiinua mgongo chake kufungua zahanati ndogo mjini Kasulu. Ana tabibu mmoja, wauguzi wawili, mtaalamu wa maabara na karani. Wagonjwa wake wengi ni wakulima wa maharage na mihogo, ambao hulipa taslimu au huahidi kulipa baada ya mavuno. Lakini mishahara ya pale ilitegemea kundi jingine: wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, ambao wamepanga mjini pamoja na familia zao na hutibiwa kwa kadi za kampuni binafsi za bima.

Mkataba wake na mojawapo ya kampuni hizo ulikuwa unakaribia kwisha. Kampuni ikawaita watoa huduma wake wa Kasulu, Kibondo na Kakonko kwenye kikao kimoja mjini Kibondo, ili, kwa maneno ya barua yenyewe, "kujadiliana kuhusu mkataba mpya". Mama alinipigia simu.

"Mwanangu, chuo si kimefungwa? Njoo unisomee. Mara ya kwanza nilitia saini bila kusoma. Safari hii nataka nijue ninachokisaini."

Nilikwenda nikiwa na hoja kichwani kabla hata ya kuuona mkataba. Mwaka ule kila aliyefuatilia habari alikuwa na hoja ya namna hiyo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa umeandaa kitita kipya cha mafao kuchukua nafasi ya kile cha mwaka 2016. Kikaahirishwa mwezi Januari baada ya malalamiko, kamati ikaundwa, kisha kikaanza kutumika Machi 1, 2024. Siku hiyohiyo hospitali binafsi kadhaa, zikiongozwa na chama chao, APHFTA, zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko kwa kadi, zikidai kwamba bei mpya haziwezi kugharimia huduma. Wagonjwa waligeuzwa milangoni. Kwa siku kadhaa taifa zima lilijadili bei: bei ya kumwona daktari, bei ya kipimo, bei ya kidonge. Nami nikaamini kwamba mkataba wa bima ni jambo la bei.

Rasimu niliyoikuta mezani kwa mama ilikuwa na kurasa 14, na tisa kati ya hizo zilikuwa orodha ya bei. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaanza kuzipigia mstari bei nilizoona ni ndogo. Nilikusudia kueleza gharama ya kusafirisha dawa hadi Kigoma, mafuta ya jenereta umeme unapokatika, ugumu wa kumpata mtaalamu wa maabara atakayekubali kukaa huku milimani. Mama aliniacha niandike karibu saa nzima. Kisha akaweka mbele yangu daftari la karani.

"Bei si neno, mwanangu. Bei tutavumiliana. Mimi nisomee siku."

Daftari lilikuwa na safu nne: mwezi wa huduma, tarehe ya kupeleka madai, tarehe ya kulipwa, kiasi kilicholipwa. Madai ya Oktoba yalipelekwa mwanzoni mwa Novemba na kulipwa Machi, yakiwa yamekatwa. Ya Novemba yalilipwa Aprili. Ya Desemba yalirudishwa kwa sababu fomu tatu hazikuwa na saini ya mgonjwa, na kwa ajili ya fomu hizo tatu bahasha nzima ilingoja. Siku ile niliyofika, zahanati ilikuwa ikiidai kampuni miezi minne. Upande wa pili wa daftari yaliandikwa madeni ya mama mwenyewe: duka la jumla la dawa, kodi ya nyumba, mshahara wa nusu mwezi wa muuguzi mmoja. Wenye duka hawakuwa na miezi minne ya kungoja. Walikuwa wameanza kumuuzia kwa taslimu tu, na kwa kuwa hakuwa na taslimu, dawa mseto za malaria zilikuwa zimekwisha kabatini katika wilaya ambayo malaria haina msimu wa kupumzika. Wenye kadi waliandikiwa dawa wakazitafute kwingine. Wakulima waliokuja na fedha zao mkononi nao walikuta kabati lilelile tupu.

Hapo ndipo niliposoma mkataba kwa mara ya kwanza, ingawa nilikwisha kuupitia mara mbili. Kifungu cha malipo kilisema kwamba kampuni italipa "ndani ya siku 60 baada ya madai kukubaliwa". Nikatafuta mahali panaposema madai yatakubaliwa ndani ya siku ngapi. Hapakuwapo. Nikatafuta adhabu ya kuchelewesha malipo. Haikuwapo. Upande wa mtoa huduma, kila kitu kilikuwa na tarehe: madai yafike ndani ya siku 30 baada ya mwezi kwisha, la sivyo haki inapotea, pingamizi dhidi ya makato litolewe ndani ya siku 14, la sivyo makato yamekubaliwa. Saa ya mtoa huduma ilikuwa inakimbia. Saa ya mlipaji ilikuwa haijawashwa, na mwenye ufunguo wa kuiwasha alikuwa mlipaji mwenyewe.

Naomba nieleweke. Kila mgonjwa wa kadi anapotoka mlangoni, zahanati imekwisha kutumia dawa, kitendanishi, glovu na saa za watu. Tangu dakika hiyo hadi siku ya malipo, zahanati inaikopesha kampuni ya bima. Ni mkopo usio na riba, usio na dhamana wala tarehe ya kurejeshwa, unaotolewa na mkunga mstaafu wa Kasulu kwa taasisi yenye akaunti katika mabenki ya Dar es Salaam. Hakuna bei, hata ikiwa nzuri namna gani, inayoweza kuufidia mkopo wa aina hiyo ukirudiwa kila mwezi.

Tulisafiri kwenda Kibondo alfajiri, tukapita Makere na njia panda ya kambini. Njiani mama alinisimulia habari za miaka ambayo magari ya barabara ile yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi, naye akiwa nyuma ya gari la wagonjwa na mzazi aliyekuwa akitokwa damu, wakingoja msafara ukamilike. Nilimsikiliza nikielewa kwa nini mwanamke huyu anahesabu muda kuliko fedha.

Kikaoni tulikuwa watoa huduma sita. Mwakilishi wa kampuni alikuwa kijana nadhifu, na aliponiona alisimama. "Shikamoo, Mwalimu." Nilikuwa nimemfundisha mwaka wa pili. Akamwamkia na mama kwa heshima, akatueleza kwamba mkataba ni wa nchi nzima, umeandaliwa makao makuu, na kwamba yeye amekuja kuupitia pamoja nasi na kukusanya saini. Nilimuuliza: kama hauwezi kubadilika, neno "kujadiliana" katika barua linamaanisha nini? Alitabasamu kwa aibu, kama alivyokuwa akifanya darasani asipokuwa na jibu.

Kisha nikauliza swali nililokuja nalo: siku 60 zinaanza lini?

Hakujibu mara moja. Alifungua begi lake, akatoa bahasha yenye jina la zahanati ya mama, akasema kwa upole kwamba angependa tuangalie jambo moja kwanza. Ndani mlikuwa na fomu za wiki mbili za Januari. Kwenye zaidi ya kumi kati yake, wagonjwa waliokuja kwa kikohozi au maumivu ya mgongo walikuwa wameandikiwa pia kipimo cha malaria na dawa zake. Saini za wagonjwa tofauti zilikuwa na mkono mmoja na kalamu moja. Kitabu cha maabara, ambacho wakaguzi walikipiga picha, hakikuwa na vipimo hivyo.

Nilimtazama mama. Alizichukua fomu moja moja, akazisoma zote, kisha akasema, "Huu ni mwandiko wa tabibu wangu." Hakusema zaidi. Nilitaka kumtetea, kueleza kwamba kijana wa watu alikuwa hajalipwa mshahara kamili, na kwamba mlipaji anayekata bila maelezo humfundisha mtoa huduma kuongeza ili makato yakipita kibaki kiasi cha haki. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, na wachumi wameyaandika sana. Lakini hayakuwa ukweli wote. Fomu zile zilikuwa za uongo, na fedha zilizodaiwa zilikuwa michango ya watu wengine. Mama alisema kwamba kiasi hicho kikatwe chote, kwamba atazungumza na tabibu wake, na kwamba kampuni iko huru kuja kukagua siku yoyote bila taarifa.

Tulipumzika kwa chai. Nilidhani tumekwisha. Kumbe mama alitumia dakika zile kuzunguka meza kwa meza. Wale watano wengine aliwafahamu wote. Wawili alifanya nao kazi wodini, na mmoja alimzalia mkewe watoto watatu. Aliwasalimia kwa kupiga makofi taratibu kama ilivyo desturi yetu Waha, akakaa, akauliza kila mmoja anadai miezi mingapi. Hakuna aliyekuwa anadai chini ya mitatu. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba kosa ni la karani wake.

Tuliporudi, alizungumza kwa niaba ya wote. Bei za kampuni, alisema, tunazikubali kama zilivyo. Ukaguzi wa kushtukiza tunaukubali. Tunachoomba ni kipengele kimoja: kampuni iwe na siku 15 za kazi tangu siku bahasha inapogongwa muhuri wa kupokelewa, iseme ina shaka na fomu ipi. Fomu yenye shaka iwekwe kando, zile nyingine zilipwe. Siku 15 zikipita kimya, madai yahesabiwe kuwa yamekubaliwa, na siku 60 zianze hapo.

"Na kama makao makuu watakataa?" kijana akauliza.

"Basi, mwanangu, utawaambia wafanyakazi wa kambini kwamba kadi yao haina pa kutibiwa kuanzia Kasulu hadi Kakonko."

Alitoka nje kupiga simu. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, aliandika kiambatisho kwa mkono, ukurasa mmoja, watu wote wakatia saini, na nakala yake ilikuja kutoka Dar es Salaam baada ya wiki tatu ikiwa imegongwa muhuri. Neno lililobadilika lilikuwa moja tu. Pale palipoandikwa "kukubaliwa", sasa palikuwa na "kupokelewa" na hesabu ya siku mbele yake.

Nimelitafakari tukio hili tangu wakati huo kwa sababu linasahihisha mjadala wetu wa kitaifa. Hospitali kubwa za mijini ziliposema hapana mwezi Machi, zilisikika ndani ya siku chache, kwa kuwa mgonjwa wa Dar es Salaam aliyegeuzwa mlangoni ana simu, ana jirani mwandishi wa habari, na ana hospitali nyingine umbali wa kituo kimoja cha daladala. Zahanati ya milimani ikisema hapana peke yake, mgonjwa hukosa pa kwenda, na mtoa huduma hubaki na dhamiri inayomsuta. Anayehitajika zaidi ndiye mwenye sauti dhaifu zaidi mezani. Dawa ya udhaifu huo ni wale sita kusema pamoja.

Jambo hili si geni duniani. Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya wagonjwa mwaka 1883, na kwa miaka mingi mifuko ilimwajiri au kumkataa daktari mmoja mmoja kwa masharti iliyoyataka yenyewe. Mwaka 1900 madaktari waliunda chama chao mjini Leipzig, wakagoma mara kwa mara, na mwishoni mwa 1913 mifuko ikakubali mapatano ya pamoja mjini Berlin. Miaka ileile Wajerumani walikuwa wakitutawala huku, na utaratibu huo haukutuhusu. Jirani zetu wa Kenya wamekumbana na somo lilelile karibuni zaidi: mfuko wao wa NHIF ulipopisha mamlaka mpya ya SHA Oktoba 1, 2024, madeni ya zamani kwa hospitali yalibaki hayajalipwa, na Februari 2025 chama cha hospitali binafsi za mijini na vijijini, RUPHA, kiliwaelekeza wanachama wake kusitisha huduma kwa wenye bima hiyo. Huko nako, msingi wa ugomvi ulikuwa siku zilizopita bila malipo.

Sisi tuliingia katika mikataba hii kwa hatua ambazo wengi tumezisahau. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za binafsi za kibiashara, na mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za umma. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ikapitishwa mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila hatua ilijibu swali la nani atalipa. Swali la lini atalipa tumewaachia wanaoandaa rasimu za mikataba.

Wasomaji wangu watumishi wa umma watalielewa hili kwa kutazama hati zao za mshahara. Asilimia tatu ya mchango wa bima hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Makato hayo hayangoji mtu ayakubali. Fedha huingia kwenye bima kwa tarehe. Ni haki na sawa kwamba zitoke nako kwa tarehe, iwe kwa mfuko wa umma au kwa kampuni binafsi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanaoandika kanuni na mikataba ya bima ya afya kwa wote ni dogo. Kila mkataba kati ya mlipaji na mtoa huduma useme madai yanahesabiwa tangu siku ya kupokelewa. Mlipaji awe na siku zinazojulikana za kuhoji, na ahoji fomu moja bila kuizuia bahasha nzima. Malipo yanayochelewa yaongezwe riba, hata ikiwa ndogo. Makato yaandikiwe sababu ambayo karani wa Kibondo anaweza kuisoma akajirekebisha. Na watoa huduma wadogo wa wilaya jirani waruhusiwe kujadiliana kwa pamoja. Kwa upande mwingine, watoa huduma tukubali wakaguzi bila visingizio. Asiyevumilia kukaguliwa hana haki ya kudai kulipwa kwa wakati.

Sitadanganya kwamba kiambatisho kile kilimaliza matatizo ya zahanati. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika yalipunguza wafanyakazi na kadi zikapungua mlangoni kwa mama. Tabibu aliomba radhi, akafanya kazi miezi miwili zaidi, kisha akaondoka. Lakini madai ya mwisho ya wale waliopunguzwa kazi yalilipwa kwa tarehe yake, na kwa fedha hizo mama alilipa duka la dawa na malimbikizo ya muuguzi. Kama zahanati ingekuwa bado inadai miezi minne, ingefungwa, na wakulima wenye fedha taslimu wasingejua kamwe kwamba walipoteza zahanati yao kwa sababu ya neno moja katika mkataba usiowahusu.

Nilipokwenda kumsalimia Krismasi iliyofuata, nilikuta kabati la dawa limejaa na daftari la karani limeongezwa safu ya tano: tarehe ya muhuri. Mama aliniuliza kama huko chuoni tunawafundisha vijana kusoma mikataba. Nikamjibu kwamba tunawafundisha sheria, uchumi na utawala. Akasema sikumjibu alichouliza. Ni kweli, sikumjibu, na muhula huu nimeanza kuwafundisha.